Sakitu

Thamista niliichomoa kwenye betri ya kompyuta iliyovimba:
punje nyeusi, ndogo kuliko mbegu ya mtama,
miguu miwili myembamba kama ya mbu.
Transista ni ya redio ya marehemu Mwakatobe,
ambayo hakuna aliyerudi kuichukua.
Volyumu ilitoka humo humo. Ukiizungusha bado inakwaruza.
Buza ni ya saa yetu ya mezani,
ile tuliyoichukia wote asubuhi za shule.

Ubao: kipande cha sanduku la nyanya, misumari tisa.
Kulehemu ni ndoa. Kwanza uchumba,
na uchumba wangu ni wa misumari:
nasokota waya, nasikiliza,
nasokotoa, nahamia msumari wa jirani.

Shangazi Enelika alikuwa amepiga simu kutoka Matamba.
"Viazi vimeungua tena."
Kule hatuulizi moto ulitoka wapi.
Jioni shamba ni kijani, asubuhi majani meusi
yamelegea kama matambara ya kudekia.
Alikesha mpaka saa nane, akasinzia.
Alilisema hilo kama anayeungama.

Barafu nilinunua kwa Mama Nsajigwa, hapa Mwanjelwa.
Nani anakula barafu Mbeya, Julai hii? akauliza.
Nikaiponda kikombeni, nikangoja ianze kuyeyuka.
Barafu inayoyeyuka haijui uongo:
ni sifuri kwa tajiri, sifuri kwangu.
Nikazamisha punje, nikazungusha volyumu
unywele kwa unywele, mpaka buza ikalia.
Nikaongeza kidogo, iwahi kulia kabla ya sifuri.
Barafu: kelele. Vidole: kimya.
Barafu: kelele.
Mteja aliyeleta pasi yake akaondoka nayo.

Nikapanda nao ubao kona za Chimala, umefungwa kwenye kitenge.

Usiku wa kwanza sakitu ilipita,
ikamaliza matuta manne,
ndipo buza ikakumbuka kulia,
kama mbwa anayebweka mwizi ameshavuka mto.
Mzee Chaula wa ng'ambo ya uzio alisema
kuku wake huwahi zaidi, tena wanataga.

Nilikaa jikoni na ule ubao, nikiuchukia,
hadi chai ilipopoa mkononi nikaelewa.
Dukani nilizamisha punje peke yake.
Transista ilikuwa mezani, imekaa na joto langu.
Huku shambani baridi iliipiga nayo,
na transista ikipoa hupandisha kizingiti chake:
mkondo unabisha hodi, haufunguliwi.
Nilimpima mgonjwa
nikasahau kwamba muuguzi naye ana mwili.

Saa tisa usiku nikatoka, blanketi begani, tochi mdomoni.
Beseni la vyombo lilikuwa limefunga kioo chembamba;
safari hii barafu sikununua.
Nikangoja vyote vipoe pamoja, misumari, betri, vidole,
kisha nikazungusha. Ikakwaruza. Ikakwaruza.
Ikalia. Mbwa wa Chaula akaitikia.

Kulipokucha ndipo nikalehemu,
kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa kwenye mkaa.

Huu ni mwaka wa pili.
Ubao uko nje kwenye kopo la mafuta ya kupikia,
buza iko kichwani pa kitanda, waya umepita dirishani.
Ikilia, shangazi anawasha nyasi mbichi,
moshi unatambaa juu ya matuta.
Tuta hili linapona, lile halifiki.

Juzi nilimuuliza kama bado inafaa.
Akasema pua yake huijua sakitu
kabla ya waya zangu, tangu usichana wake.
"Sasa betri unabadilisha za nini?"
Akanyamaza. Nikasikia upepo ndani ya simu.
"Tangu Tweve afariki," akasema,
"hakuna kingine humu ndani kinachoniamsha."